Sudo: jinsi mamlaka ya root yalivyogawanywa

Ukitumia Linux, bila shaka umeandika neno sudo mara nyingi. Lilitoka wapi?

Tuanzie kwa Unix yenyewe, iliyozaliwa Bell Labs, Marekani, mwaka 1969. Humo kulikuwa na root, mwenye namba 0 na uwezo wote, kisha watumiaji wengine. Katikati hapakuwa na kitu. Msimamizi alikuwa na njia mbili: afanye kila kazi mwenyewe, au awape wenzake neno la siri la root. Watu 5 wakilijua, faili ikifutwa utamuuliza nani? Mashine inamwona root tu.

Karibu mwaka 1980, Bob Coggeshall na Cliff Spencer wa Chuo Kikuu cha Jimbo la New York, Buffalo, waliandika sudo. Desemba 1985 toleo lililoboreshwa lilisambazwa kupitia Usenet, na mwaka 1994 Todd Miller akatoa toleo lake kutoka Chuo Kikuu cha Colorado.

Wazo ni rahisi. Katika faili ya sudoers unaandika:

asha ALL = /usr/sbin/lpadmin

Yaani Asha, kwenye mashine yoyote inayotumia faili hii, anaweza kusimamia printa kama root. Anatumia neno lake mwenyewe la siri, na jina lake linaandikwa kwenye kumbukumbu. Hariri faili hiyo kwa visudo, maana hukagua makosa kabla ya kuhifadhi. Tahadhari: usimpe mtu vi kwa njia hii. Ndani ya vi anaweza kuendesha amri yoyote, na hapo umempa nyumba nzima.

Oktoba 2004 Ubuntu 4.10 ilitoka ikiwa imefunga akaunti ya root, na mtumiaji wa kwanza akapewa sudo kwa amri zote. Kwa kompyuta ya nyumbani ni sawa. Lakini wengi tukazoea hivyo hata kwenye seva, na chombo kilichoundwa kugawa mamlaka kidogo kidogo kikawa cha kugawa yote.

Na mlinzi naye ahitaji kulindwa. Januari 2021 kampuni ya Qualys ilitangaza kosa lililokuwa ndani ya sudo tangu 2011: mtumiaji yeyote wa mashine angeweza kuwa root, hata asiyetajwa katika sudoers. Toleo 1.9.5p2 lilirekebisha.

Leo andika sudo -l kwenye seva yako. Ukiona (ALL : ALL) ALL, jiulize: je, unazihitaji zote?