Kielelezo cha Roma ya Kale

Kielelezo cha Roma ya Kale (kwa Kiitalia *Plastico di Roma Antica*) ni mfano mkubwa wa plasta unaoonyesha mji wa Roma zama za Kaisari Konstantino, karne ya 4 BK. Ulibuniwa na msanifu majengo Italo Gismondi kwa kipimo cha 1:250, ukaonyeshwa mwaka 1937 katika maadhimisho ya miaka 2000 tangu kuzaliwa kwa Augusto, kisha ukaendelea kupanuliwa hadi 1971. Umewekwa Museo della Civiltà Romana, kitongoji cha EUR, Roma.

Chanzo chake kikuu ni ramani ya mwanaakiolojia Rodolfo Lanciani (1893–1901). Kwa kipimo hicho Koloseo, ambalo halisi lina urefu wa takriban mita 188, huchukua sentimita 75 hivi, na kulizunguka husongamana mahekalu, mabafu ya umma na mifereji ya maji. Picha zake hutumika sana katika vitabu vya shule. Hata hivyo mwalimu hana budi kutenganisha mambo mawili: majengo makuu yana ushahidi wa magofu, ilhali nyumba nyingi za wakazi wa kawaida ni makisio. Mfano huu ulipigwa skani kwa ajili ya mradi wa kidijitali wa Rome Reborn, uliozinduliwa 2007.