Nta, kishikwambi na deni la Tibullus

Nimepotea kidogo humu kwa sababu moja tu: nilikuwa na msiba wangu mdogo. Wiki mbili kabla ya testi, kishikwambi changu kilichomolewa kwenye begi ndani ya daladala. Nimebanwa mlangoni, hata sikusikia! Kifaa chenyewe kilikuwa cha mtumba, ningekisahau. Ila mle ndani kulikuwa na notsi za semesta nzima na nakala sikuwa nayo hata moja. Ikabidi nianze kuzunguka vyumbani kwa watu kuomba madesa.

Sasa mimi nasoma historia, na kitu kikinichoma lazima nikitafutie chanzo chake. Jamani, kuandika kwenye kibao na kufuta sio mambo ya juzi. Warumi walichimba kibao cha mbao katikati, wakamimina nta, wakaandika kwa kalamu ya chuma yenye ncha. Upande wa pili wa kalamu ulikuwa bapa, ukikosea unasawazisha nta na kuanza upya.

Wazo la kompyuta ya kubeba kama daftari lilitolewa na Mmarekani Alan Kay mwaka 1972, akiwafikiria hasa watoto wajifunze nayo. Mwaka 1989 ikaja GRiDPad, kazi ya Jeff Hawkins. Mwaka 1993 Apple wakatoa Newton, na hapo ndipo kasheshe. Newton ilijaribu kuusoma mwandiko wako na kuugeuza herufi za chapa hapo hapo. Ikawa inasoma vitu vya ajabu mpaka katuni za The Simpsons zikaitania. Mwaka 1998 wakaifunga. Hawkins alikuwa mjanja zaidi. Kwenye Pilot yake ya 1996, badala ya mashine kujifunza mwandiko wa mtu, mtu ndiye alijifunza herufi rahisi za mashine. Ilifanya kazi, lakini hebu jaribu kumfuata lekchara mwenye kasi kwa herufi moja moja!

Kwa maoni yangu mabadiliko ya kweli yalikuja 2002, Microsoft walipotoa Windows ya Tablet PC, na mwaka 2003 wakaongeza OneNote. Pale wino wako uliachwa kama ulivyouandika, mishale na michoro yako yote, na mashine ikausoma kimya kimya kwa nyuma ili uweze kutafuta neno baadaye. Bei ilikuwa kubwa, hazikuenea sana. iPad ya 2010 ndiyo iliyofanya vishikwambi viwe vya watu wengi, ingawa kalamu ya Apple yenyewe ilisubiri mpaka 2015.

Kwa hiyo wewe unayeanza leo, usirudie kosa la Newton. Usihangaike kugeuza kila mstari uwe chapa wakati mwalimu anaongea. Andika kwa mkono wako, juu ya ukurasa weka tarehe na jina la kozi, mengine utapanga jioni. Na jioni hiyo hiyo, toa nakala nje ya kifaa!

Hapo kwenye nakala ndipo Warumi walinifunga mdomo. London, kwenye kiwanja palipojengwa ofisi za Bloomberg, wachimbaji walipata vibao zaidi ya 400. Nta ilishapotea kabisa. Ila waandishi wengine walikandamiza kalamu mpaka ikakwaruza mbao chini ya nta, na mikwaruzo hiyo ndiyo inayosomwa leo. Kimoja ni cha tarehe 8 Januari mwaka 57: bwana mmoja, Tibullus, anakiri anadaiwa dinari 105 na Gratus kwa bidhaa alizouziwa. Karibu miaka 2000 imepita na deni la mtu bado linasomeka, kwa sababu bila kukusudia liliandikwa mara mbili, kwenye nta na kwenye mbao. Notsi zangu za semesta moja hazikufika hata testi.

Testi nilifanya kwa madesa ya watu, nikapona kwa chupuchupu. Sasa nina kishikwambi kingine, kina ufa kwenye kona, na kila jioni kabla sijalala natuma kurasa zote kwenye barua pepe yangu. Dakika tano tu.

Haya wadau, niishie hapa, lekcha ya saa nane inaniita. Begi nalipakata kifuani!