Degedege la Arosto

Kijana wa bodaboda amevunjika paja Jumamosi usiku. Jumapili nzima amelala wodini, mguu umening'inizwa uzito, ametulia. Jumatatu alfajiri mikono inaanza kumtetemeka na jasho linamtoka. Chai haijapita, anakakamaa, macho yanampinduka, anatupa mikono na miguu kwa dakika moja hivi, kisha analala fofofo. Mgonjwa wa kitanda cha pili anasema huyu ana kifafa. Mama yake, aliyeingia na chupa ya uji, anaapa kwamba ukoo wao haujawahi kuwa na kifafa. Jioni faili linasomeka "kifafa cha pombe", na kila mtu anaona jambo limeshaelezwa.

Muuguzi yeyote aliyekaa wodi ya mifupa ameshampokea kijana huyu, kwa sura hii au nyingine. Kwa Kiingereza hali yake inaitwa alcohol withdrawal seizure. Ninachodai hapa ni kwamba "kifafa cha pombe" ni tafsiri mbaya, na ubaya wake unaonekana kwenye matibabu kuliko kwenye kamusi.

Kifafa ni ugonjwa wa kudumu, au angalau wa muda mrefu: ubongo una mwelekeo wa kuzusha mishtuko wenyewe, bila kuchokozwa. Kanuni ya kawaida ya madaktari inadai mishtuko isiyopungua miwili isiyo na kichokozi, iliyopishana kwa zaidi ya saa 24. Mshtuko ulioletwa na kichokozi cha wakati ule ule, kama malaria kali, sukari kushuka mno au kichwa kuumia, hauhesabiwi. Mtu anaweza kuupata mara moja maishani na asiwe na kifafa hata kidogo. Tofauti hii si ya kitaalamu tu. Kifafa kina sifa mbaya mitaani: kuna wanaoogopa kugusa povu la mgonjwa wakidhani wataambukizwa, na kuna posa zilizovunjika kwa neno hilo moja. Kumbandika mtu jina hilo kwa mshtuko wa Jumatatu moja ni kumtwisha mzigo usio wake.

Kwa tukio lenyewe, tofauti na ugonjwa, Kiswahili kina degedege. Najua pingamizi litakalokuja: degedege ni la watoto wenye homa, tena wazee walilihusisha na dege linalopita usiku. Ni kweli, lakini wahudumu wa afya walishalipanua siku nyingi. Mtu mzima mwenye malaria kali huulizwa kama amepata degedege, na mjamzito hufundishwa kuwa degedege ni dalili ya hatari. Neno limekwisha kukua, tunachelewa kulikubali tu.

Mjamzito ndiye anayetufikisha kwenye kiini. Kuna istilahi imara na iliyozoeleka, "kifafa cha mimba", ambayo nayo si kifafa. Ni degedege linalofuatia shinikizo la damu la ujauzito, na tiba yake ya mwisho ni mtoto kuzaliwa. Bila shaka "kifafa cha pombe" kiliigwa hapo. Mfano huo ndio unaopotosha. Ukisikia kifafa cha mimba unaelewa kuwa mtoto akizaliwa, hatari inaanza kupungua, hata kama mama bado anahitaji uangalizi. Ukisikia kifafa cha pombe unaelewa vivyo hivyo: mnyang'anye pombe, atapona. Kumbe yule kijana amepata degedege kwa sababu amenyang'anywa. Kilichomwangusha ni ukosefu wa pombe katika mwili uliokwisha kuizoea.

Ubongo una kemikali za kutuliza, mashuhuri kati yake ikiwa gaba, na za kuchangamsha, mashuhuri ikiwa glutameti. Pombe huipa gaba nguvu na kuizuia glutameti. Mtu akinywa gongo, mnazi au bia kila siku kwa miezi na miaka, ubongo hujirekebisha ili uweze kufanya kazi ndani ya ulevi: vipokezi vya gaba vinapungua usikivu, vya glutameti vinaongezeka. Ni kama kuvuta kamba, pombe upande mmoja na ubongo upande wa pili, kila mmoja amekaza, na kamba imetulia katikati. Pombe ikiachia ghafla, ubongo unakwenda chali kwa nguvu zake wenyewe. Mikono inatetemeka, moyo unakwenda mbio, usingizi unakataa, na kwa baadhi ya watu seli za ubongo zinafyatuka zote kwa pamoja. Hilo ndilo degedege.

Haikukubalika kirahisi kwamba kosa ni la kuacha. Kwa muda mrefu lishe duni ya wanywaji ilishutumiwa, pamoja na sumu ya pombe yenyewe. Mwaka 1955 Harris Isbell na wenzake, huko Lexington, Kentucky, walichapisha jaribio ambalo leo kamati yoyote ya maadili ingelitupa nje. Wanaume kumi waliowahi kuwa waraibu wa mofini walijitolea kunyweshwa pombe nyingi kwa wiki kadhaa huku wakilishwa vizuri, kisha wakasimamishwa kwa mkupuo. Miongoni mwa waliokunywa kwa muda mrefu zaidi walitokea waliopata degedege na walioweweseka, ingawa chakula hakikuwapungukia. Mwaka 1967 Maurice Victor na Carl Brausch wakaongeza saa: zaidi ya asilimia 90 ya degedege la namna hii huja kati ya saa 7 na saa 48 baada ya kinywaji cha mwisho. Hesabu tangu Jumamosi usiku hadi Jumatatu alfajiri.

Basi tunahitaji neno la hali ya mwili uliozoea kitu na kukikosa. Tunalo: arosto. Limezoeleka maskani, kwa watumiaji wa heroini wa Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa, na wahudumu wa kliniki ya methadoni iliyofunguliwa Muhimbili mwaka 2011 hawangeweza kufanya kazi bila kulielewa. Siku hizi hata mvuta sigara anasema ana arosto. Wanywaji nao walikuwa wameshaielewa hali hiyo kabla ya kuipa jina, kwa maana wana kitenzi cha dawa yake: kuzimua. Anayezimua asubuhi ili mikono itulie ashike kikombe anaitibu arosto kwa pombe ile ile. Wapo watakaoona neno hili ni la kihuni mno kuingia kwenye faili la hospitali. Mimi naona "dalili zitokanazo na usitishaji wa matumizi ya kilevi" ni sentensi, si istilahi, na mgonjwa hataitamka kamwe. Arosto atalitaja mwenyewe kabla hujamuuliza.

Lina hatari moja ya kuangaliwa. Maskani wanajua arosto ya heroini inatesa vibaya lakini kwa mtu mzima mwenye afya ni nadra kuua. Arosto ya pombe inaua. Siku ya pili hadi ya nne inaweza kuja ile hali ambayo daktari Mwingereza Thomas Sutton aliipa jina la Kilatini mwaka 1813, delirium tremens: mgonjwa anatetemeka, anachanganyikiwa, anaona wadudu ukutani, homa inapanda. Kiswahili cha kawaida kinatosha hapa, mgonjwa anaweweseka, na kuiita uweweseko wa arosto kutaonyesha kwamba ni ndugu wa degedege lile lile.

Jina sahihi linabadilisha mkono wa tabibu. Aliyesoma "kifafa" anaweza kumwanzishia mgonjwa fenitoini, dawa ya kifafa, na kumpa tarehe ya kliniki. Fenitoini haizuii degedege la arosto kurudi. Dawa zinazofaa ni za jamii ya diazepamu, ambazo hushika nafasi ya pombe kwenye gaba na kupunguzwa polepole kwa siku chache. Pamoja nazo hutolewa vitamini B1, na ni vyema itangulie dripu ya sukari, kwa kuwa sukari ikimkuta mnywaji aliyeishiwa vitamini hiyo inaweza kuuharakisha uharibifu wa ubongo. Jina hilo pia linabadilisha swali la mapokezi. "Unakunywa pombe?" huzaa "kidogo tu". "Ulikunywa mara ya mwisho lini?" huzaa saa. (Degedege likimkuta mtu popote pale, asitiwe kijiko mdomoni. Mlaze ubavu na utazame saa. Likipita dakika tano, ni dharura.)

Wanaoangukia hapa waliacha ghafla bila maandalizi. Ni waliolazwa, waliowekwa mahabusu, waliookoka Jumapili na kumwaga chupa zote, waliofunga Kwaresima kwa nguvu ya nadhiri. Nadhiri si mbaya, ila kwa mnywaji wa kila siku aliyewahi kupata degedege inafaa ianzie kwa daktari. Kuacha na kurudia mara nyingi nako kuna gharama: James Ballenger na Robert Post walieleza mwaka 1978 kwamba kila arosto inaelekea kuuandaa ubongo kwa arosto kali zaidi.

Hata hivyo istilahi hii isifunike kila kitu. Mwaka 1988 Stephen Ng na wenzake, katika utafiti wa wagonjwa wa Harlem, New York, waliona hatari ya degedege ikipanda kadiri kiasi cha pombe cha kila siku kinavyopanda, na visa vingi vya degedege havikuangukia kwenye saa za arosto. Walidai pombe yenyewe inachangia. Ubishi huo haujafungwa, na uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2010 uliona wanywaji wana uwezekano wa kifafa halisi takriban mara mbili ya wasiokunywa. Kisha kuna yale yanayoandamana na baa: vichwa vilivyogonga lami, na mayai ya tegu wa nguruwe. Kwa hayo ya mwisho watu huisingizia kitimoto isiyoiva. Kitimoto mbichi inakupa tegu tumboni. Mayai yanayopeleka vifuko ubongoni huingia kwa kinyesi cha binadamu, kupitia mikono ya mpishi au kachumbari iliyooshwa ovyo, na asiyekula nguruwe kabisa anaweza kuyapata. Kwa hiyo mnywaji aliyeanguka siku ya tano, au aliyetukutika upande mmoja tu wa mwili, au mwenye homa na shingo ngumu, asiandikiwe arosto mpaka kichwa chake kimepigwa picha.