Miche ya okidi ya chupa

Miche ya okidi ya chupa ni mimea michanga iliyooteshwa maabara kutokana na mbegu, ikakulia ndani ya chupa iliyofungwa, isiyo na vijidudu, juu ya jeli ya agari yenye sukari na madini. Mkulima huipokea ikiwa na majani machache na mizizi mifupi, huitoa, kisha huizoesha hewa ya nje. Hatua hii ya kuizoesha ndiyo inayowashinda wengi wanaoanza, na katika uwanda wa Ufipa hutegemea majira kuliko kitu kingine chochote.

Mbegu ya okidi ni ndogo kama vumbi na haina akiba ya chakula. Porini haiwezi kukua bila kulishwa na kuvu wa aina fulani, jambo lililogunduliwa na Mfaransa Noël Bernard mwaka 1899. Mwaka 1922 Lewis Knudson wa Marekani alionyesha kwamba sukari inaweza kushika nafasi ya kuvu huyo. Tangu hapo, tunda moja limeweza kutoa maelfu ya miche.

Kwa Nyanda za Juu Kusini za Tanzania ugunduzi huo una uzito wa pekee. Viazi vya okidi za mbugani, hasa za jenasi za Disa, Satyrium na Habenaria, huchimbwa na kuvushwa mpaka wa Tunduma kwenda Zambia, ambako husagwa na kupikwa pamoja na karanga kuwa chikanda. Utafiti wa Tim Davenport na Henry Ndangalasi, uliochapishwa mwaka 2003, ulikadiria kwamba viazi kati ya milioni 2.2 na milioni 4.1 vilikuwa vikitoka kila mwaka. Anayeng'oa kiazi hung'oa mmea mzima. Ndiyo maana mpenzi wa okidi wa Sumbawanga, mji wa Ufipa ulio kwenye barabara iendayo Tunduma, anapaswa kuanza na chupa na kuiacha mbuga ilivyo. Okidi zinalindwa na CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya spishi zilizo hatarini, ila miche iliyo bado ndani ya chupa safi ya maabara husamehewa vibali vya mkataba huo kwa spishi za Kiambatisho cha Pili. Cheti cha afya ya mimea na kibali cha kuingiza nchini ni suala jingine, na huulizwa kabla ya kuagiza.

Spishi ya kuanzia ni ile inayoota juu ya miti. Ansellia africana, okidi ya miombo yenye maua ya manjano na madoa ya kahawia, ni mvumilivu. Disa na Satyrium hazimfai anayeanza: hulala kiangazi zikiwa kiazi tu ardhini, na maji kidogo yakizidi wakati huo huoza.

Chupa ifunguliwe mvua zikishaanza, Novemba au Desemba. Jani lililokulia ndani ya chupa lina ngozi nyembamba, na vitundu vyake vya hewa havijajua kujifunga. Hewa kavu hulinyausha kwa saa chache. Sumbawanga iko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, na kipupwe cha Juni na Julai huleta usiku wa baridi na upepo mkavu. Mche uliotolewa wakati huo hufa hata mikononi mwa fundi. Chupa iliyofika Juni na isubiri, imefungwa, mahali penye mwanga usio wa jua kali.

Miche hutolewa taratibu na kuoshwa katika beseni la maji ya vuguvugu mpaka agari yote iondoke, kwa sababu sukari inayobaki mizizini huita ukungu. Baada ya kuichovya katika dawa ya ukungu iliyopunguzwa makali, hupandwa mingi pamoja katika chungu kimoja, mikubwa mbali na midogo. Kipandio kiwe chenga za mkaa zilizooshwa na magome ya msindano yaliyokatwa madogo. Udongo wa matuta ambayo Wafipa huyajenga kwa kufukia nyasi, mzuri kwa mahindi na maharage, huiziba mizizi hii na kuiozesha.

Chungu hufunikwa kwa chupa ya plastiki angavu iliyokatwa kitako, kifuniko kikilegezwa kidogo zaidi kila baada ya siku chache kwa muda wa mwezi mmoja hivi. Maji ya mvua ndiyo bora. Mbolea ya majani hutolewa jani jipya likianza kuchomoza, kwa robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Majani yakiwa ya kijani kizito sana, mwanga ni mdogo. Yakigeuka mekundu au manjano, jua limezidi.

Kipupwe cha kwanza miche ilazwe ndani ya nyumba na ipunguziwe maji. Mvua zinazofuata zikianza, kila mmoja huhamishiwa chungu chake. Ansellia huhitaji miaka kadhaa kabla ya kutoa maua.