Kontena si kasha: Somo la Kilindini kwa sisi watafsiri

Ukisimama ufuoni Mtongwe, kule Likoni, utaziona ng'ambo kreni za bandari ya Kilindini zikiinua makontena. Kontena hushushwa melini, likapakiwa kwenye lori au gari moshi, likaenda zake bara. Halikai. Mkazi wa Mtongwe hahitaji kamusi kulijua hilo. Mimi, mwalimu wa lugha wa miaka mingi, nililisahau, na usahaulifu huo ukawagharimu wengine.

Kikundi cha vijana wa huko kilikuwa kikikusanya msamiati wa uvuvi kutoka kwa wazee. Ili wajue nani amhoji nani, na mahojiano yapi yamekwisha kunukuliwa, waliamua kuweka kwenye seva yao programu ya kusimamia miradi iitwayo OpenProject. Wakaniomba niwatafsirie maelezo ya kuisimika. Neno 'container' nikaliita 'kasha'. Nilijipongeza kweli: neno letu wenyewe badala ya mkopo mbichi!

Kumbe kasha nalo ni mkopo. Limetokana na 'caixa' la Wareno, wale walioanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593 na kutuachia pia meza, leso na bendera. Ila kasha lilipoingia nyumba za Waswahili lilipata maisha yake. Ndimo zilimotunzwa hati za shamba, dhahabu ya bibi harusi na miswada ya tenzi. Kasha hukaa chumbani, hurithiwa.

Kontena lina nasaba nyingine. Tarehe 26 Aprili 1956 meli Ideal X ya Mmarekani Malcom McLean iling'oa nanga Newark kuelekea Houston ikiwa na makontena 58. Kabla ya hapo, shehena ilipita mabegani mwa makuli, gunia baada ya gunia. Nguvu ya makuli ilidhihirika katika mgomo mkuu wa Mombasa wa 1947, na ule wa Unguja wa 1948 ambao Adam Shafi aliujengea riwaya yake, Kuli. Sanduku la chuma lenye vipimo vya aina moja liliondoa sehemu kubwa ya kazi hiyo. Kufikia 2014, Mombasa ilikuwa ikihudumia zaidi ya makontena milioni 1 kwa mwaka, kwa hesabu ya yale ya futi 20.

Wanakompyuta nao wakaja kuazima bandarini. Mwaka 2013 Solomon Hykes aliitambulisha Docker, neno ambalo kwa Waingereza ni kuli. Mwaka uliofuata Google ikatoa Kubernetes, Kigiriki cha mshika usukani. Wazo lao ni lile lile la McLean: programu hufungwa pamoja na vyote inavyohitaji, ili iendeshwe vilevile kwenye seva yoyote. Na kontena hili pia ni la kupita. Toleo jipya likitoka, kontena la zamani hufutwa, jingine likaundwa kutokana na kiolezo kipya. Kilichoandikwa ndani ya lile la zamani hufutika nalo.

Kwa hivyo cha kudumu lazima kikae nje ya kontena, katika sehemu ya diski iliyounganishwa nalo. OpenProject yahitaji mbili: moja ya hifadhidata, nyingine ya faili zilizoambatishwa. Maelezo ya Kiingereza huita sehemu hiyo 'volume'. Nami, jamani, niliandika 'ujazo'! Vijana wakadhani ni habari ya ukubwa tu, wakairuka.

Miezi miwili baadaye walisasisha programu. Ilipowaka tena ilikuwa tupu.

"Mwalimu, si ulituandikia kasha?" mmoja akaniuliza. "Kitu kikishatiwa kashani si kimehifadhika?"

Sikuwa na jibu. Baadhi ya rekodi zilikuwa bado simuni. Nyingine zilikuwa zimeshafutwa kupisha nafasi. Mzee mmoja kati ya waliohojiwa alikuwa ametangulia mbele ya haki.

Sisi watafsiri huuliza aghalabu kama neno ni la Kiswahili. Yafaa tuulize pia msomaji atafanya nini akishalisoma. Neno zuri mahali pasipo pake hupoteza kuliko mkopo mbichi. Basi kontena libaki kontena. Hifadhi ya kudumu tuiite ghala, kwa maana kila mwanabandari anajua kuwa kontena huondoka na ghala likabaki. Kasha nalo lisitupwe. Liwe jina la nakala ya akiba iliyowekwa mbali na seva, ile ya kufunguliwa siku ya msiba.

Vijana wamerudi kwa wazee waliosalia. Maelezo nimeyaandika upya, na safari hii wao ndio waliosoma rasimu kwanza, kalamu nyekundu mkononi.