Kabla uulize zawadi ni ngapi, uliza inatoka mfuko wa nani

Wasee wa Nyeri, Karatina, Nanyuki na Meru, tuseme kesho TV fulani itangaze chemsha bongo mpya, mshindi aende nyumbani na milioni. Nyote mtauliza watu wanajiandikisha wapi. Mimi nitauliza hiyo doo inatoka wapi, maana mwenye kulipa zawadi ndiye huandika sheria.

Angalia Marekani miaka ya 1950. Kipindi cha Twenty One kilidhaminiwa na watengenezaji wa Geritol, dawa ya kuongeza nguvu. Mdhamini alitaka watazamaji, na watazamaji walimpenda Charles Van Doren, mwalimu wa chuo kikuu cha Columbia. Basi jamaa akawa anapewa majibu mapema. Mpinzani wake, Herbert Stempel, aliulizwa filamu gani ilishinda Oscar ya 1955. Alijua ni Marty, lakini alikuwa ameambiwa akose. Akakosa! Mwaka 1959 Van Doren alikiri mbele ya kamati ya Congress, na 1960 ikatungwa sheria ya kupiga marufuku huo mchezo.

Kisha Uingereza, 1998, Who Wants to Be a Millionaire? Maswali 15, na ukikwama unaweza kumpigia rafiki simu. Mtu yeyote angeweza kujaribu kuingia, hapo nawapa heko. Lakini simu ya kuomba nafasi ilikuwa na bei ya juu kuliko kawaida, na hizo pesa zilisaidia kulipa zawadi. Yaani maelfu waliokosa walimchangia mmoja aliyekalia kiti. Si ni zile esemesi zetu tu? "Mji mkuu wa Kenya ni Nairobi ama Thika?" Kila mtu analijua jibu, kwa hivyo akili haiamui mshindi. Hiyo ni bahati nasibu imevaa yunifomu ya shule.

Ya karibu na sisi ilianza 2007: Celtel Africa Challenge, ikaitwa Zain Africa Challenge kampuni ilipobadilisha jina. Mwulizaji alikuwa John Sibi-Okumu, mwalimu na mwigizaji uliyemwona kwa The Constant Gardener. Vyuo vikuu vya nchi kadhaa za Afrika vilishindana kwa mtindo wa College Bowl ya Marekani: swali la kwanza unabonyeza kitufe peke yako, bila kunong'onezana, ukipata, timu inapewa maswali ya ziada na hapo mnajadiliana. Zawadi nayo iligawanywa, wachezaji wakapata chao na chuo kikapata chake. Hiyo sheria naipenda sana. Lakini 2010 Airtel ilinunua biashara ya Zain Afrika, na kipindi hakikudumu.

Shida yake ilikuwa mlango. Lazima uwe mwanafunzi wa chuo kikuu. Wakati huo Kimathi ya Nyeri ilikuwa bado chini ya JKUAT, ikapata hati yake 2012. Karatina ikapata 2013. Na mimi niliyeacha chuo, hata leo ningebaki nje, pamoja na mama wa soko la Karatina anayepiga hesabu ya magunia kwa kichwa kabla wewe utoe simu mfukoni.

Kwa hivyo ningekuwa naandika hizo sheria, kwanza kuingia ni bure. Timu za watu wanne zitoke kwa miji, si shule: Nyeri dhidi ya Nanyuki, Meru dhidi ya Embu. Kitufe ubonyeze peke yako, maswali ya ziada mjadiliane. Nusu ya zawadi iende kwa wachezaji, nusu ikanunue vitabu vya maktaba ya mji wao. Na maswali yafungiwe na mtu ambaye mdhamini hawezi kumpigia simu usiku.

La kufungua nishalipata: Dedan Kimathi alikamatwa mwaka gani? Ukibonyeza haraka useme 1957, pole, huo ndio walimnyonga. Ni 1956, na sasa kitufe ni cha Nanyuki.