Reli ya Mizigo: Changamwe Imebaki na Nini?

Tangu 1896, treni ya mizigo inayotoka bandari ya Kilindini, Mombasa, kwenda bara lazima ipite Changamwe. Serikali zimebadilika na reli yenyewe imebadilika, lakini mlango ni ule ule. Jambo lililowagusa wakazi wa huku kuliko chuma na mataruma ni mahali mzigo unapofunguliwa.

Waingereza walipoanza kujenga Reli ya Uganda, kikwazo cha kwanza kilikuwa maji ya Makupa, yanayotenga kisiwa cha Mombasa na bara. Mhandisi mkuu, George Whitehouse, aliyewasili Desemba 1895, alisimamisha daraja la muda la mbao lililopewa jina la Waziri Mkuu Salisbury. Reli ikavuka, ikapanda Changamwe, ikashika njia ya Mazeras. Vibarua zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, na wapatao 2,500 walifia kazini. Desemba 1901 reli ilifika ziwani, pale panapoitwa Kisumu leo.

Wajenzi hao walichagua reli yenye upana wa mita moja, kama nyingi za India, ili vifaa viagizwe kutoka huko. Kwa miongo mingi upana huo ulitosha. Kilindini ilipopata magati ya kina kirefu katika miaka ya 1920, pamba ya Uganda na kahawa ya Kenya ziliteremka kwa treni hadi ubavuni mwa meli. Januari 1947, wafanyakazi wa bandari na wa reli waligoma pamoja, shughuli za mji zikasimama.

Mporomoko ulikuja baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977. Shirika la pamoja la reli liligawanywa, mabehewa yakachakaa, malori yakachukua kazi. Mwaka 2006 reli ilikabidhiwa kampuni ya Rift Valley Railways kwa mkataba wa miaka 25. Mwaka 2017 mkataba huo ulivunjwa.

Katika miaka hiyo ya malori, Changamwe, Jomvu na Miritini zilijaa yadi za makontena. Kontena likishuka melini lilipelekwa yadi, na hapo riziki ilianza kugawanyika: wakala wa forodha akifuatilia makaratasi, dereva akingoja zamu, tanboi akikaza turubai, fundi akiziba pancha kando ya barabara, na mama wa kibanda akipakua wali na maharagwe. Mzigo mmoja uliwalisha wengi kabla haujafika Mariakani.

Kisha ikaja reli mpya ya SGR, yenye upana wa milimita 1,435, iliyojengwa na China Road and Bridge Corporation kwa mkopo wa China. Treni ya abiria ilizinduliwa Mei 31, 2017, na ya mizigo ikaanza Januari 2018. Treni moja huweza kubeba makontena zaidi ya 100 ya futi 20, na hakuna anayebisha kwamba kuyaondoa malori ya kubeba makontena hayo barabarani ni jambo jema.

Kosa lilikuwa amri. Agosti 2019, serikali iliagiza makontena yanayokwenda bara yasafirishwe kwa SGR na kukaguliwa Nairobi. Yadi zikapungukiwa na kazi, malori yakaegeshwa, na wananchi wakaandamana Mombasa Jumatatu baada ya Jumatatu. Novemba 2020, Mahakama Kuu ya Mombasa iliibatilisha amri hiyo. Septemba 2022, serikali mpya ilitangaza kurudisha shughuli za ukaguzi Mombasa.

Tatizo la reli mbili zenye upana tofauti nalo lingalipo. SGR iliishia Naivasha mwaka 2019, na mzigo wa Uganda unaofika huko kwa treni hauna budi kuhamishiwa reli ya zamani au lori. Huku Pwani, ng'ambo ya Likoni, eneo maalum la kiuchumi la Dongo Kundu linajengwa, na reli haijafika.

Anayepanga reli ya mizigo ajibu maswali matatu kabla ya kukopa: itaungana na reli gani, nani ataitunza, na mzigo utafunguliwa wapi. Swali la tatu asilijibu peke yake huko Nairobi. Aje Changamwe, aje Likoni, awaulize watu kabla ya mkataba kutiwa saini. Reli inayopita mlangoni mwa watu bila kuwaachia kazi haijapangwa vizuri, hata kama treni zake zinafika kwa wakati.